Swichi ya Joto Karibu na Mlango

Kila siku alipotoka shule, Aili Koskela alijifungulia mlango mwenyewe, akakung'uta theluji kwenye buti, akala mkate na jibini peke yake. Baba yake alikuwa mgodini, mbali kaskazini. Mama yake, Irja, alifua mashuka ya hospitali hadi jioni. Tangu kengele ya mwisho hadi mama arudi, mtoto hakuwa na wa kusema naye.

Siku fundi Dufresne alipokuja kufunga mtambo mpya wa gesi wa kupasha nyumba joto, mama alimwagiza Aili amwambie kwamba swichi, ile inayopima baridi na kuuwasha mtambo yenyewe, iwekwe sebuleni. Lakini nyaya za zamani ziliishia karibu na mlango wa nje, na fundi alikuwa na haraka.

"Binti, mama hatagomba nikiifunga hapahapa, eh?"

Aili, aliyezoea kimya, akaona haya kubishana na mtu mzima. Akaitikia kwa kichwa, agizo la mama asilitaje. Jioni mama alipouliza kwa nini swichi iko mlangoni, akasema fundi ndiye aliyechagua mahali hapo, basi.

Januari baridi ikakaza. Kila mlango ulipofunguliwa, upepo uliipiga swichi, mtambo ukanguruma kana kwamba nyumba nzima imeganda. Sebule ikawa kama tanuri, Aili akafungua dirisha apate hewa. Gesi ikateketea bure.

"Unaichezea swichi nikiwa kazini," mama alimkaripia. "Unadhani hapa Florida, kwenye jua mwaka mzima?"

Aili akakana. Lakini habari ya agizo ambalo hakumpa fundi hakuigusa.

Alasiri moja mtambo ukazimika. Tangi la gesi lilikuwa tupu, na gari la kuleta gesi lilikwama barabarani kwa theluji. Mama alimkuta Aili amejikunja kitandani na koti lake, midomo ya bluu, hawezi hata kukunja vidole. Akamkumbatia ndani ya blanketi, akamsugua mikono. Hapo ndipo machozi na maneno ya kukiri kuhusu agizo yalipomtoka mtoto kwa pamoja.

Kesho yake gesi ilifika, na Dufresne akaihamishia swichi sebuleni. Alivua kofia, akakiri kwamba hakupaswa kumwuliza mtoto jambo la kuamuliwa na mama yake.

"Kweli, umekosa," Irja alimjibu. "Na mimi nimekosa, nimemwachia mtoto mzigo wa mtu mzima." Kisha akamgeukia Aili. "Nawe, mwanangu, ukikosa niambie siku ileile. Nitagomba, ndiyo. Lakini kugombezwa hakujamgandisha mtu."