Mkato Kwenye Mti wa Kisima

Kila alfajiri, mara tu saa za kukatazwa kutoka nje zilipokwisha, wasichana wa Habaswein walijitwika madebe wakaenda kisimani. Ulikuwa mwaka wa 1966, wakati wa vita vya shifta kati ya serikali ya Kenya na waasi wa kaskazini mashariki. Visima vya mbali vilikuwa vimefungwa, na wafugaji walikuwa wamekusanywa karibu na maduka pamoja na mbuzi wao waliosalia. Kisima kimoja kiliwanywesha wote, wenyeji, wageni na askari. Ayeeyo, yaani nyanyake Sadiyo, hakunywa kikombe bila kusema alhamdulillahi mara mbili. Ya kwanza ni ya maji, alieleza, na ya pili ni ya meno yaliyobaki, maana meno yasingekuwepo, maji yangetoka yalikoingilia.

Sadiyo alikuwa darasa la tano, mwembamba kama ufito, na mwenye akili nyingi kuliko nguvu. Juu ya mdomo wa kisima ulilazwa mti mnene, umeegemea panda mbili, na kamba ya ndoo ilipita juu yake. Ukivuta kamba, mti ulizunguka. Tabu ni kwamba kamba ilikuwa ikiteleza kwenda pembeni, na kila ilipoteleza ndoo iligonga ukuta na nusu ya maji yakarudi yalikotoka. Lakini sasa kamba ilikuwa imetulia katikati kama mke wa pili siku ya kwanza. Wanawake walimsifu Mzee Sugow, mlinzi wa kisima, kwamba ameuombea mti dua. Mzee Sugow hakuwa ameomba dua yoyote, lakini sifa alizipokea na ndevu akazipapasa.

Aliyeituliza kamba ni Sadiyo. Mchana mmoja kisima kilipokuwa hakina watu, aliazima kisu cha mjomba wake bila mwenye kisu kujua, akauzungushia mti mkato katikati kama bangili ili kamba ikae humo, kisha akauficha kwa tope na majivu. Mzee Sugow alikuwa amekataza chuma chochote chenye makali kuugusa mti ule, kwani aliuleta kutoka mbali zamani njia zilipokuwa wazi. Sadiyo alijua. Alijua pia kwamba siku hizo mtu akisikika amechezea kisima, swali la kwanza lingekuwa, ni wa upande gani huyu? Basi akanyamaza, na kila asubuhi akajiambia kwamba mti umebeba ndoo zote hizo na haujalalamika.

Asubuhi moja maji yalitoka mazito, rangi ya chai ya maziwa. Matope yalikuwa yamejaa chini. Mzee Sugow akatangaza kwamba baada ya sala ya adhuhuri Yarow atateremshwa kuyachota. Yarow ndiye yule mjomba mwenye kisu, na kwa uchimbaji wa visima hakuwa na mfano. Sadiyo alimpenda sana. Yeye alimwita abti, naye Yarow akamwita abti vilevile, kama ilivyo desturi ya Wasomali, mjomba na mpwa kuitana kwa neno moja.

Shuleni, Mwalimu Katunge alikuwa na somo la mwanga. Alikuwa mwanamke wa Kitui, na lori lililomleta lilikuwa limemvunjia miwani yake ya jua, ile ya aina inayokata mng'aro. Mwingine angeitupa, yeye alivibandua vile vioo viwili akavitunza. Aliviweka kimoja mbele ya kingine, akakizungusha kimoja mpaka havikupitisha mwanga tena. Kisha akapenyeza katikati yake rula ya plastiki, ile angavu kama maji, na kuikunja kidogo kwa vidole. Wanafunzi wakapita dirishani mmoja mmoja kutazama, na kila aliyetazama alipiga ukelele. Ndani ya rula isiyo na rangi zilikuwa zikipita rangi za upinde wa mvua, na zilisogea kila mwalimu alipoongeza nguvu.

Alieleza kwamba rangi zile ni mkazo. Kitu kikibebeshwa mzigo, ndani yake husongamana, na mwanga ukipita mle hutoka umebadilika. Akasema amesoma gazetini kuwa wataalamu wa ng'ambo wametengeneza mwanga mkali ajabu. Ukipitishwa katika mawe fulani angavu, huingia na rangi moja na kutoka na nyingine pembeni yake. Mwanga wa taa hauwezi kufanya hivyo hata ukiupitisha mwaka mzima. Jiwe huuvumilia mwanga mdogo kama halikuguswa, lakini ukizidi mno, jiwe huanza kujibu kwa namna yake.

Alio, mvulana wa dawati la nyuma, akauliza kama mwalimu akizidisha fimbo naye atageuka rangi. Mwalimu akamwambia jaribio hilo lipo tayari, ni yeye kuchagua siku.

Halafu Mwalimu Katunge akaikata rula ukingoni kwa wembe, mkato mdogo, akaikunja tena. Rangi zote zikakimbilia pale kwenye mkato, zikabanana kama mbuzi kwenye mlango wa zizi. Akakunja zaidi kidogo tu. Rula ikavunjika, tena palepale. Darasa likacheka. Sadiyo hakucheka.

"Mwalimu, na mti?" aliuliza. "Mti nao ukikatwa?"

"Mti ni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mwanga haupiti ndani yake, basi hatuoni."

"Na kama umeshabeba vitu vingi vidogo, na haujavunjika?"

Mwalimu akamtazama vizuri. "Vidogo havithibitishi kikubwa, Sadiyo. Unabeba, unabeba, halafu mzigo unazidi kidogo tu, na mkato unaanza kufunguka. Kwani ni mti gani?"

Nje, adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha zamani. Sadiyo alitoka mbio bila ruhusa, na mwalimu, ambaye hakuwa na kawaida ya kukimbia, akamfuata huku ameshika gauni kwa mikono miwili.

Yarow alikuwa ameketi ukingoni mwa kisima, kamba kiunoni, miguu imeshaning'inia ndani. Wanaume wanne walikuwa wameshika upande wa pili wa kamba.

"Abti, usishuke," Sadiyo alisema akihema. "Mti nimeukata mimi."

Mzee Sugow alicheka kwanza, akasema kwa Kiswahili chake kisicho na p, ili mwalimu naye asikie. "Hii mti? Hii mti mimi naangalia kama jicho yangu. Wewe toto, bolebole, usitutishe."

Sadiyo akakwangua tope kwa kucha. Bangili ikajitokeza. Mzee Sugow akaacha kucheka. Yarow akajivuta nje ya shimo, na mahali pake wakafunga gunia la mchanga lenye uzito wa mtu, wakalishusha taratibu. Mti ulizunguka mara ya kwanza bila neno. Mara ya pili ulitoa mlio kama wa mtu anayevunja muwa kwa goti, ukakatika kwenye bangili, na gunia likaenda. Walisikia lilipofika chini.

Sasa walihitaji mti mwingine, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje ya mji kuukata. Mwalimu Katunge ndiye aliyekumbuka bomba la chuma lililokuwa juu ya goli la shule. Aliwatuma wavulana wakalifungua. Alio ndiye kipa, na alililia bomba lile kana kwamba amefiwa. Kuanzia siku hiyo kila bao Habaswein lilikuwa kesi, maana hakuna aliyejua goli linaishia wapi juu.

Kabla jua halijashuka, Yarow aliteremka kwa kamba iliyopita juu ya bomba, akachota matope, akapanda juu mweusi kutoka miguuni hadi utosini, meno tu yakionekana. Nyuma yake ilikuja ndoo ya maji safi. Alimwita mpwa wake mbele ya watu wote.

"Kisu changu uliiba, hilo tutazungumza nyumbani," alisema. "Lakini mimi natembea juu ya ardhi kwa sababu ulisema. Nakushukuru, abti."

Sadiyo akalia, na ayeeyo akamwambia maji yasipotezwe.

Mzee Sugow alitoa adhabu: kwa mwezi mzima Sadiyo atakuwa wa mwisho kwenye foleni. Hakuna aliyebisha, wala Sadiyo mwenyewe. Asubuhi iliyofuata alijipanga nyuma kabisa na debe lake. Kidogo akasikia mtu anakohoa nyuma yake. Alikuwa Mzee Sugow, ameshika ndoo.

"Wewe ulificha," alisema mzee polepole, safari hii kwa Kisomali. "Mimi nilisifiwa kwa kazi ambayo sikufanya, na sikuuliza nani alifanya. Mwenye kuficha na mwenye kukubali sifa ya bure, wote wawili walikuwa wanamshusha Yarow shimoni. Ukikosea, sema siku ileile, kosa likiwa bado dogo. Na leo nashukuru Mungu ulisema hata kama ulichelewa. Haya, sogea mbele, foleni inaenda."