Mihogo ya Ng'ambo ya Njia

Asubuhi ya Jumamosi Zuleica alifagia uwanja, akachota maji kisimani, akawanawisha wadogo zake uso. Alipomaliza, mama yake, Alima, alimkabidhi kapu na jembe dogo.

"Nenda shamba ukachimbe mihogo, mwanangu. Leo usichelewe. Na usisahau kuonja."

"Najua, mama."

"Unajua, lakini nasema tena. Kila shina, vunja ncha ya mhogo mmoja, uonje. Ukiwa mtamu, tia kapuni. Ukiwa mchungu, weka kando."

Zuleica alikuwa akiyasikia maneno hayo tangu alipoanza kushika jembe. Pale Quionga, kijijini kwao kaskazini mwa Msumbiji, watu wengi walipanda mihogo ya aina mbili. Mitamu ilichimbwa na kupikwa siku hiyohiyo. Michungu ilipandwa pembezoni, upande wa msituni, kwa sababu nguruwe na nyani hawaipendi. Hiyo haikuliwa hivi hivi. Ilimenywa, ikalowekwa siku kadhaa, ikaanikwa juani, ndipo ikatwangwa unga. Aliyeichemsha mibichi na kuila angeweza kuumwa vibaya, hata kufa. Na kwa macho, mashina ya aina zote mbili yalifanana sana.

Siku hiyo mihogo haikuwa ya nyumbani. Tangu gesi ilipogunduliwa baharini, wapimaji walikuwa wamepiga kambi nje ya kijiji. Msimamizi wa jiko la kambi, Dona Deolinda, alitafuta mpishi. Alikuwa amemwambia Alima, "Nipikie chakula cha mchana Jumamosi. Vijana wangu wakile, nione." Babake Zuleica alikuwa ameumia mguu na hakwenda tena kuvua. Nyumba nzima iliitegemea sahani ya siku hiyo.

Njiani alikutana na Ilda, rafiki yake wa darasani.

"Upesi, we! Helikopta inatua leo kambini. Kaka yangu ameniambia."

"Nachimba kwanza."

"Basi nakusaidia. Twende!"

Shambani mambo yalikuwa yamebadilika kidogo. Zamani kijia chembamba ndicho kilichotenga mihogo mitamu na michungu. Lakini wapimaji walikuwa wamefyeka njia yao wenyewe, iliyonyooka, yenye vigingi vyekundu, ikikata shamba karibu zaidi na msitu. Kijia cha zamani kilikuwa kimefunikwa na majani. Zuleica aliitazama njia mpya, akadhani ndiyo mpaka, akajisemea kwamba yote iliyo upande wa huku ni mitamu.

Alichimba shina la kwanza, akavunja ncha, akatafuna. Mtamu. Akachimba la pili, akavunja ncha, na hapo wakasikia mngurumo ukitokea baharini.

"Hiyo, inakuja!" Ilda alipiga kelele. "Zuleica, utaonja mpaka jua lizame? Hata mwalimu wetu hakagui kucha namna hiyo!"

Zuleica alicheka. Akaitupa ile ncha bila kuitia mdomoni. Walichimba haraka haraka wakielekea upande wa vigingi, kapu likajaa, wakakimbia. Helikopta waliiona mkia tu.

Nyumbani Alima alimenya kwa kasi. Alipika mihogo kwa tui zito, samaki wa kukaanga na pilipili. Alionja mchuzi, akaongeza chumvi, akatabasamu. Gari la kambi lilipopiga honi, alijifunga leso mpya akapanda, sufuria kubwa ikiwa katikati ya magoti yake.

Zuleica na Ilda walibaki kukusanya maganda. Chini ya kapu kulikuwa na mhogo mmoja mdogo. Ilda aliumenya kwa meno, akauma. Papo hapo akautema.

"Mchungu! Zuleica, huu ni wa kuloweka!"

"Unanitania."

"Onja basi."

Zuleica aliugusisha ulimi tu, na uchungu ukamfika kooni. Alikumbuka vigingi vyekundu, na majani yaliyofunika kijia cha zamani.

"Labda ni huu mmoja tu," Ilda alisema, sauti yake imekuwa ndogo.

"Na kama si mmoja?"

"Ukienda kusema mbele ya wale watu, mama yako hapati kazi. Pengine hata hawataumwa. Nyamaza tu."

Zuleica alitamani kunyamaza. Alikuwa mtoto wa haya. Hata darasani alipojua jibu, mkono wake uliishia kwenye sikio. Lakini aliwaona watu akilini, wamekaa kwenye mabenchi, wakichota na kutafuna. Akaangusha ufagio na kuanza kukimbia.

Alikimbia kwa kuifuata njia ya wapimaji, visiki vikimchoma nyayo. Alipofika langoni alikuwa hapumui vizuri. Mlinzi, Zacarias, kijana wa kutoka bara kwenye uwanda wa juu, alinyoosha mkono.

"Wapi, mdogo wangu? Hapa si uwanja wa mpira."

"Namtaka mama. Chakula… mihogo ni michungu!"

Zacarias alicheka. "Haya, mwambie aongeze chumvi."

"Siyo hivyo, mjomba! Ni ile ya kuloweka!"

Kicheko kikakatika. "Ya kuloweka? Na imepikwa?"

"Imepikwa. Inaliwa!"

Zacarias alisukuma lango, akatangulia yeye mwenyewe mbio.

Chini ya turubai watu walikuwa wamekaa na sahani zao. Alima alikuwa akipakua, uso umemng'aa, na Dona Deolinda alisimama kando yake. Zuleica alimpita Zacarias, akaingia. Alimwona mtu mmoja akipeleka kijiko kinywani.

"Msile!"

Vichwa vyote vikageuka.

"Zuleica! Una nini wewe?" Alima alisema.

"Mama, sikuonja. Nilionja shina la kwanza tu. Mingine ni michungu."

Upawa ulibaki hewani. Alima alichukua kipande cha mhogo sufuriani, akatafuna. Akachukua cha pili. Akatema, akajifuta mdomo kwa leso yake mpya.

"Ni kweli, Dona Deolinda. Wazuie."

"Parem! Acheni! Wekeni sahani chini, wote!" Dona Deolinda alipaza sauti. "Nani amekwisha kula?"

Wengi walikuwa hawajafika mbali. Lakini Henrique, mpimaji kijana aliyekulia mjini, alikuwa amemaliza sahani moja na kuanza ya pili.

"Nilidhani ndiyo ladha yake," alisema, "nikaongeza pilipili."

Alijaribu kutabasamu. Kisha akashika kichwa, jasho likamtoka, akasema dunia inazunguka. Walimbeba hadi kwenye hema la enfermeiro, muuguzi wa kambi.

Alima na binti yake walikaa nje ya hema. Ndani walimsikia Henrique akitapika, halafu kimya. Kimya kile kilimtisha Zuleica kuliko kutapika.

"Mama, akifa?"

Alima alimvuta karibu. Akamshika mkono.

Kivuli cha hema kilikuwa kimerefuka muuguzi alipotoka.

"Amelala. Mapigo ya moyo yametulia. Angemaliza sahani ya pili, sasa tungekuwa tunasema mengine."

Zuleica aliangua kilio. Dona Deolinda alisubiri mpaka aliponyamaza.

"Sikiliza, binti. Umekuja kusema, na kwa hilo nakushukuru. Lakini yule kijana ameumwa kwa sababu ya kitu ambacho kingekuchukua muda wa kutafuna tu. Kazi yoyote, ya jikoni, ya shule, hata ya hawa wapimaji, ni mambo madogo madogo mengi. Ukiruka moja, hujui litamwangukia nani."

"Nimekosa, Dona."

"Na mimi," Alima alisema. "Nilionja mchuzi, sikuonja mihogo. Nilikuwa na haraka ya kuwapendeza."

Dona Deolinda alimgeukia. "Upishi siwezi kukupa leo, Alima. Ningesema sikuogopa, ningekuwa mwongo. Jumatatu njoo kama msaidizi. Nitasimama karibu yako tangu mhogo wa kwanza unapomenywa. Baada ya hapo, tutaona."

"Nitakuja," Alima alijibu.

Kabla hawajaondoka, chakula kilitakiwa kutupwa. Zacarias alitaka kukimwaga nyuma ya ua, lakini Zuleica aliomba sepetu. Alichimba shimo, wakamimina mihogo yote. Akafukia, akakanyaga udongo, akasimama kumtazama mama yake.

Alima alikanyaga juu ya shimo kwa kisigino. Udongo ukadidimia.

"Mbuzi watakifukua," alisema taratibu. "Ndiyo hivyo, mwanangu. Kitu kidogo ukikifanya nusu, ni sawa na hujakifanya."

Zuleica alichukua tena sepetu. Alifukua, akachimba tena, chini zaidi, mpaka mama yake alipomwambia, "Basi. Hapo imetosha."