Magogo Yarudi Mtoni

Kila kiangazi Elwood Halfmoon alisafisha kijito kilichopita nyuma ya nyumba yao. Gogo likianguka majini, alilifunga mnyororo akalivuta kwa trekta. Baba yake alimfundisha hivyo, eti samoni, samaki wanaopanda kutoka baharini kuja kutaga, wapate njia. Kijito kikanyooka kama mfereji, lakini samaki wakatoweka.

Mama yake, Bernadine, alikuwa akipoteza nuru ya macho. Kwenye karamu ya samaki wa kwanza wa mwaka, alionja kipande kimoja tu.

"Huyu ni wa kugawiwa, katoka mto wa mbali," alisema. "Namtaka wa kwetu, kabla sijafa."

Maneno hayo yalimchoma Elwood. Akamwita shemeji yake, Loretta, mfanyakazi wa idara ya samaki ya kabila lao.

Loretta alivua viatu, akaingia majini. "Shemeji, umefagia mpaka vitanda vya wageni."

"Vitanda gani?"

"Changarawe. Samaki hutaga humo. Maji yako yanakimbia mno, yanaizoa yote. Gogo huyapunguzia mwendo, na karibu yake hutokea kidimbwi cha baridi ambamo vitoto hujificha. Na miti ya kivuli iko wapi?"

"Nilikata. Ilikuwa inadondosha majani."

"Basi na kuku wako wanyonyoe, wanadondosha manyoya."

Bernadine alicheka hadi akakohoa. Elwood hakucheka. "Na mafuriko je? Maji yakiingia ndani, mama nimpeleke wapi?"

"Magogo hatuyarudishi ovyo. Tutazika ncha zake ukingoni. Na ng'ambo, kwenye malisho, tutayaachia maji nafasi ya kutawanyika."

Wakafanya hivyo, wakapanda na miti ya mierebi ilete kivuli. Theluji ilipoyeyuka, maji yalipanda. Elwood hakupata usingizi. Asubuhi alikuta maji yametanda malishoni, na ngazi ya mlango ni kavu. Alishusha pumzi, akacheka peke yake.

Mwaka uliofuata, mierebi ikiwa imefika kiunoni, Bernadine aliita kutoka kibarazani.

"Elwood, nani anafua huko?"

Elwood akaenda kuangalia. Karibu na gogo, stilhedi jike, ndugu yake samoni, alikuwa akipiga mkia, anachimba changarawe atage. Elwood alirudi mbio, akamshika mama mkono, akampeleka polepole hadi ukingoni.

"Ni samaki, mama. Wa kwetu. Nimvue?"

Bernadine alisikiliza, machozi yakimtiririka.

"Mwache azae," alisema. "Mimi nimeshashiba."