Mnong'ono Kabla ya Ngoma

Kila Jumamosi, kabla hata ya kunywa chai, Chiriku alifagia chumba cha kazi cha shangazi yake. Kilikuwa chumba kidogo chenye magodoro makuukuu yaliyopigiliwa ukutani ili sauti zisirukeruke, kompyuta moja, na spika mbili ambazo hazikuguswa na mwenye mikono ya mafuta. Shangazi alikuwa fundi wa sauti. Nyimbo zilizorekodiwa kwingine zililetwa kwake azitengeneze kwa mara ya mwisho kabla hazijawafikia wasikilizaji. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu aliamka akiimba na kulala akiimba, hakuwahi kushika ufagio bila wimbo. Siku hiyo alifagia kimya.

"Leo ufagio umekumeza ulimi?" shangazi akamtania.

"Sina hamu, shangazi."

Shangazi hakumchimba zaidi, maana sababu aliijua. Wiki iliyopita kwaya ya shule ilirekodi wimbo wa kupelekwa kwenye kipindi cha watoto redioni, na Chiriku ndiye aliyechaguliwa kuongoza. Siku moja kabla ya kurekodi alishikwa na homa, akabaki nyumbani. Mwalimu wa muziki alimtuma rafiki wa Chiriku, ambaye darasa zima lilimwita Pacha kwa jinsi wawili hao walivyoandamana kila mahali, amwambie kwamba kazi ingeanza asubuhi. Chiriku alifika mchana, sare yake imepigwa pasi, akaukuta ukumbi umefungwa. Pacha alikuwa ameshaongoza wimbo badala yake.

"Mimi nilikwambia asubuhi," Pacha alimwambia kwa upole. "Labda homa ilikuchanganya."

Mwalimu naye alimwambia kwamba amewaangusha wenzake. Chiriku alimwomba mwalimu radhi, akamwomba na Pacha radhi kwa kumsumbua. Tangu hapo hakuyaamini tena masikio yake mwenyewe.

Sasa wimbo huohuo ulikuwa kwenye kompyuta ya shangazi, na ulitakiwa redioni Jumatatu.

"Kaa hapa unisaidie, kununa hakulipi," shangazi alisema. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha ya mashine ya kizamani, yenye vifundo viwili vya kuzungusha na kidirisha chenye mshale. "Hiki tunakiita kibanio. Mashine yenyewe niliiona kwa fundi aliyenifundisha kazi. Ilikuwa nzito kama jiko, na ikipata moto kama jiko. Huyu ni mjukuu wake, anaishi humu ndani ya kompyuta."

Chiriku alitabasamu bila kutaka.

"Kifundo hiki kinabana sauti kubwa," shangazi aliendelea. "Hiki kingine kinazipandisha zote pamoja. Kwa hiyo mwenye kelele anapunguzwa, na aliyekuwa chini anasikika. Lakini taratibu. Mshale utikisike tu, usilale."

Mara harufu ya maharage yanayoungua ikaingia, na shangazi akakimbilia jikoni. Chiriku alibaki peke yake na sauti ya Pacha. Alitaka kuiona ikibanwa mpaka iishiwe pumzi. Akazungusha kifundo cha kwanza mpaka mwisho, akazungusha na cha pili, kisha akauanza wimbo upya. Kabla ngoma hazijalia palikuwa na sekunde chache za ukimya ambazo shangazi hakuwa amezikata bado. Ukimya ule ukafumuka. Viatu vilisikika vikiburuzwa sakafuni, mtu akakohoa, halafu mnong'ono ukaja karibu kabisa na kipaza sauti.

"Nimemwambia aje mchana. Akija atakuta tumemaliza. Usimwambie mtu."

Kikafuata kicheko kilichozibwa kwa kiganja. Kicheko kile Chiriku alikuwa akikisikia pembeni yake tangu darasa la kwanza.

Alirudia, akarudia tena. Alikuwa amechezewa shere na mtu aliyemweleza siri zake zote. Wimbo angeweza kuusahau, lakini ile sauti ya upole iliyomwambia homa imemchanganya ilimkata maini. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Alikuwa amesikia.

"Iache hivyohivyo," Chiriku alisema. "Ipeleke redioni, wote wamsikie."

"Kwaya yenu ina watoto wangapi?"

"Thelathini."

"Na wote umewakasirikia?"

Chiriku alitikisa kichwa. Shangazi akavirudisha vifundo mahali pake. "Basi mwite yeye peke yake."

Pacha alikuja akitabasamu, akauliza kama wimbo umekuwa mzuri.

"Uliniambia nije saa ngapi?" Chiriku alimuuliza.

"Asubuhi. Si tulishayamaliza hayo?"

Chiriku alivizungusha tena vifundo vyote viwili mpaka mwisho, akabonyeza kitufe. Mnong'ono ulipokwisha, tabasamu la Pacha lilikuwa limekwisha pia.

"Nilikuomba radhi," Chiriku alisema. "Nawe ukaipokea."

Pacha aliinamisha kichwa. "Kila mwaka ni wewe. Mimi kila mwaka naitikia tu. Nilitaka mama anisikie redioni, hata mara moja."

"Ungeniambia. Ningekuachia beti mbili."

Pacha akaanza kulia, na shangazi hakumbembeleza. Alipotulia kidogo, shangazi alimwambia, "Sauti hii sitampelekea mwalimu wenu. Utampelekea habari wewe, kwa mdomo wako, leo hii."

Pacha alikwenda. Kabla jua halijazama mwalimu alipiga simu. Alimwomba Chiriku radhi kwa kumhukumu bila kumuuliza, akasema kwaya ingerudia wimbo kesho yake asubuhi.

"Mwanangu," shangazi alisema baada ya simu, "kibanio hakikutunga neno. Neno lilikuwepo siku zote, limefunikwa na ngoma. Uongo ndivyo ulivyo. Unaweza kuimba vizuri juu yake, lakini wenyewe haujaenda popote, unangoja tu mtu azungushe kifundo. Na wewe ukidhulumiwa, dai haki yako kwa aliyekudhulumu. Usiwachome wengine wasiohusika."

"Nitamsamehe lini?"

"Hilo sina kifundo chake."

Asubuhi, Chiriku akiwa bado anafunga vifungo vya sare, mlango uligongwa. Alikuwa Pacha, amesimama mbali kidogo na kizingiti.

"Mwalimu amesema asubuhi," alisema, bila kuthubutu kumtazama usoni. "Nimekuja kukuchukua mwenyewe."

Chiriku hakumshika mkono kama zamani. Alivaa viatu vyake, akatoka, na wakaenda shuleni pamoja, mmoja upande huu wa njia na mwingine upande ule.