Kiungo cha Wifi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hilda alisema, "Mgeni njoo, wifi augue."

Hilda, mama yake Gody, alikuwa na vyumba vya wageni Mwitongo, Butiama. Alivijenga pamoja na mumewe, Masatu. Walikuwa pia na tovuti, yaani kurasa zao kwenye mtandao. Mgeni aliona picha za vyumba, akapiga simu, akaja.

Ursula, dada yake Masatu, alikuwa na vyumba Bunda. Naye alikuwa na tovuti. Kila asubuhi, kabla ya kupakua uji, Hilda aliandika kwenye simu: "malazi mkoa wa Mara". Kila asubuhi Google ilimweka Ursula juu. Hilda alikuwa chini.

"Anaringaga tu," alisema Hilda. "Mashuka yake yamepauka. Yangu yanang'aa. Kwa nini yeye?"

"Mama Gody, uji unaungua," alisema Masatu.

Siku moja Hilda alikwenda Musoma mjini. Huko, katika mtaa wa Mukendo, alikutana na Leodgar, kijana aliyejiita fundi wa tovuti.

"Unakosa viungo, mama," alisema Leodgar. "Kiungo ni maneno kwenye tovuti ya mtu mwingine. Msomaji akiyabonyeza, yanamleta kwako. Google ikiona viungo vingi, inakupandisha. Nitakupatia maelfu."

Hilda akavinunua. Nyumbani Masatu alicheka.

"Viungo maelfu? Unapika pilau ya wilaya nzima?"

"Cheka tu. Dada yako atalia."

Mwanzoni tovuti ilipanda kidogo. Kisha ikazama. Hilda alitafuta ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakujiona. Simu ikanyamaza. Buibui wakahamia vyumbani. Masatu akaanza kusema kwamba ni heri vyumba viwe ghala la mahindi.

Hilda akampigia Ursula.

"Umeniharibia tovuti! Umenitupia uchafu mtandaoni!"

"Mimi? Wifi, hata neno langu la siri nasahauga!"

Hilda akakata simu. Kabla jua halijazama, ukoo wote ulisikia kwamba Ursula amemfanyia wifi yake fitina.

Jumamosi alikuja Prudence, jirani yao. Prudence hufundisha kompyuta katika chuo kimoja Musoma. Alifungua ukurasa ambao Google huutumia kuzungumza na wenye tovuti.

"Dada Hilda, soma hapa. Google imekupa onyo. Inasema viungo vyako ni vya kutengenezwa. Tazama wanaokutaja. Hii ni tovuti ya kamari. Hii inauza dawa ya kukuza nywele. Hawa wanajua nini kuhusu Mwitongo?"

"Hawajui kitu."

"Kiungo ni kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mgeni ashuke stendi, walevi mia wamvute shati, 'Nenda kwa Hilda! Nenda kwa Hilda!' Atakuja?"

"Atakimbia."

"Basi Google imekimbia. Hakuna fitina hapa. Umenunua walevi."

"Nilisema mimi!" alidakia Masatu. "Bizari ikizidi, samaki haliki."

"Nyamaza, Baba Gody," alisema Hilda. "Prudence, tukatae vyote?"

"Hapana. Kila tovuti hupata viungo vya ovyo vinavyojileta vyenyewe. Mara nyingi Google huvipuuza. Shida ni hivi vya kununua. Kwanza, mwambie Leodgar aviondoe. Visivyoondoka tutaviandika kwenye faili, tuiambie Google isivihesabu. Kisha tutaeleza ukweli na kuomba itukague upya. Lakini angalia. Faili hiyo ni jembe la palizi. Ukipalilia umefumba macho, unakata pamba."

Leodgar aliondoa viungo vichache. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Hilda na Prudence wakakaa mezani kupalilia. Kamari, kwenye faili. Nywele, kwenye faili. Ghafla Hilda akasimama. Alikuwa ameona jina la tovuti ya Ursula.

"Nilijua! Huyu hapa! Mtie kwenye faili!"

"Fungua kwanza."

Hilda akafungua. Aliona picha ya ua wa Ursula, na chini yake maneno ya mwaka juzi: "Ukifika Butiama, lala kwa wifi yangu Hilda. Mashuka yake yanang'aa kuliko yangu."

Hilda alisoma, akarudia.

"Mtie tu," alisema.

"Dada, hiki ndicho kiungo chako kizuri pekee. Anakujua. Anasema kweli. Wageni wake wanamsoma. Hii ndiyo pamba. Lakini shamba ni lako."

Hilda aliwaza Ursula akiringa. Halafu aliwaza magunia ya mahindi juu ya vitanda vyake.

"Kiungo kibaki," alisema. "Lakini hajanishinda."

Prudence alituma faili na ombi la kukaguliwa. Hilda hakununua tena kiungo. Aliandika habari za kweli kwenye tovuti yake: njia ya kufika, chakula, bei za vyumba. Walimu waliowahi kulala kwake walizipenda. Wakamtaja kwenye tovuti ya shule yao, bila kuombwa.

Zilipita wiki kadhaa. Onyo likaondolewa. Tovuti ikaanza kupanda taratibu. Simu ikalia.

"Nataka chumba," alisema mgeni. "Nimekuona kwa Ursula."

Hilda aliuma meno, akampokea mgeni.

Pasaka ilipofika, Ursula alikuja Mwitongo, akalala. Kesho yake ukoo wote ulikuwa mezani.

"Wifi," alisema Ursula, "ulinitangaza kwamba nimekuharibia. Nasubiri uniombe radhi."

Vijiko vilisimama. Hilda alimpakulia sato mkubwa kuliko wote, mwenye bizari kidogo.

"Kiungo chako nimekiacha," alisema. "Chumba changu bora umelala wewe. Na tovuti yangu inawaambia wageni wa Bunda wafikie kwako."

"Nimeona. Na radhi?"

"Asubuhi nimetazama Google. Bado uko juu yangu. Radhi siombi. Kula, samaki anapoa."