Kompyuta ya Athanasie Yaongezwa Kasi

Nyumbani kwa Libère na Athanasie, huko Nyamirambo, hakuna chombo kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma. Chupa ya chai ilikuwa na chake. Kompyuta ilipoingia, mwaka 1992, mama yake Athanasie alifuma kitambaa kikubwa kuliko vyote. Kilifunika sanduku la mashine na kuning'inia mpaka mezani, kushoto, kulia na nyuma. Kila asubuhi Athanasie alikikunja kidogo tu, kioo kionekane, akaanza kuwapigia watu chapa mialiko yao.

Sasa alikuwa na mimba kubwa, na miguu ilimvimba. Lakini kulikuwa na kazi moja ambayo hakutaka kumwachia mtu. Mdogo wake Ingrid angefunga ndoa Jumamosi. Athanasie alikuwa amemwahidi kwamba kila mgeni kanisani atashika kijitabu cha misa, chenye nyimbo zote.

Libère alimwonea huruma mkewe kwa kukaa pale mpaka jioni. Kazini alikuwa amesikia kwamba kompyuta huweza kuongezwa kasi bila kununua kitu. Unafungua sanduku, unahamisha kifuniko kidogo cha plastiki kinachopanga kasi kwenye bamba la ndani, basi. Jumapili, Athanasie akiwa misani, Libère alichukua bisibisi. Hakumwambia mtu. Alitaka kumfurahisha mkewe.

Jumatatu mke alifurahi kweli. Kurasa zilifunguka upesi kuliko zamani, na Libère akatembea kutwa nzima akijiona fundi. Jumanne mashine iliganda. Athanasie aliizima, akaiwasha, ikaganda tena. Nyimbo alizoandika asubuhi zilikuwa zimepotea.

Libère aliporudi alimkuta amekaa, mikono juu ya tumbo, machozi yanamtoka.

"Ordinateri imekufa, Libère," alisema, akiionyesha kompyuta. "Ingrid nitamwambia nini?"

Libère alijisikia vibaya sana. Alipiga magoti, akamshika miguu, akamweleza yote tangu bisibisi ya Jumapili. Athanasie hakugomba. Alimfuta jasho usoni, akamtuma amwite Mukasine, jirani yao, mwalimu wa kompyuta.

Mukasine aliweka kiganja juu ya kitambaa, akauondoa mkono upesi.

"Mama wee. Hii iko jiko. Nani aliongeza mwendo?"

Libère aliinua mkono kama mwanafunzi. Akauliza kama amefanya kosa kubwa.

"Hapana, shemeji. Faida iko, na hasara iko," alisema Mukasine.

Akawaeleza polepole. Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Kiwanda huipangia kasi ambayo inaweza kuivumilia miaka mingi. Nyingine huvumilia kuongezwa kidogo, na hapo mwenyewe hupata faida: hesabu nzito zinakwisha mapema, na anaweza kuchelewa kununua mashine mpya. Lakini kasi ikizidi, joto nalo huzidi. Joto likizidi, kompyuta hukosea, huganda, hupoteza kazi, hata hufa kabla ya wakati wake. Anayetaka kujaribu awe na feni nzuri, awe amenakili kazi zake kwenye disketi, na mashine isiwe ile inayomlisha.

"Feni yenu mmeivika kitambaa," alimalizia.

Kisha akauliza jambo ambalo Libère hakuwahi kulifikiria: ni nini hasa kinachomchelewesha Athanasie? Athanasie alicheka katikati ya machozi, akaonyesha printa. Hukoroma muda mrefu juu ya kila ukurasa, naye hukaa pembeni kulinda karatasi isiende upande.

"Basi ubongo ukikimbia, printa haina habari," alisema Mukasine. "Na kuchunga printa si lazima iwe kazi ya mama mwenye miguu hii."

Walirudisha kasi ya kiwandani. Walipangusa vumbi na kusogeza sanduku mbali na ukuta. Mashine ilipopoa, iliamka. Athanasie aliandika tena nyimbo zilizopotea, na kila alipomaliza wimbo aliunakili kwenye disketi. Kuchunga printa kukawa kazi ya Libère. Jioni alikaa nayo huku mkewe amejinyoosha, miguu juu ya mto, akimwimbia nyimbo ambazo mumewe alikuwa amezisahau. Libère alitamani printa iende polepole zaidi.

Jumamosi kila mgeni alikuwa na kijitabu chake. Ingrid, mbele ya altare, alimtafuta dada yake kwa macho, akainua chake juu.

Haukupita muda mrefu, mtoto akazaliwa, majira ya mvua na baridi. Bibi yake, yule mfumaji, alikuja kumwona. Alipofika mezani alisimama, akauliza nani ameivua kompyuta kitambaa chake.

Libère alimwongoza mpaka kitandani. Mtoto alikuwa amelala, amefunikwa nacho mpaka kidevuni.

"Mashine ilikuwa inaungua, Mama," alisema. "Mwenye baridi ni huyu."