Aliyeomba Mbulu

Hakuna mtu aliyekuwa akiomba kupelekwa Mbulu. Watumishi wa serikali wote walilijua hilo, wa Bukoba, wa Lindi, wa kokote. Walimu waliletwa, waganga waliletwa, mabwana shamba waliletwa. Walishuka kwenye lori wamenuna, wakavaa makoti mawili mawili, wakaanza kuhesabu miezi hadi likizo. Kuomba? Nani aombe baridi na utelezi?

Ndiyo maana Hhando, tarishi wa ofisi ya wilaya, alipogongana na Verdiana katikati ya msongamano wa mnada, asubuhi moja ya Aprili mwaka sabini na tatu, alimtambua bila kuambiwa. Mwanamke mgeni, gauni la njano la mikono mifupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa madaha, viatu vya kisigino vimezama topeni. Viazi vyake vilimwagika. Hhando akainama kumwokotea, akavipangusa kimoja kimoja kwa koti lake, huku akisema kwa uchangamfu kwamba bila shaka huyu ndiye mke wa bwana afya mpya, yule aliyeomba.

"Aliyeomba nini?" Verdiana aliuliza.

"Kuja huku, mama. Barua yake niliipeleka mimi mwenyewe mezani kwa karani mkuu. Tulicheka siku mbili. Miaka kumi na minane nabeba barua za watu wanaoomba kuondoka. Ya kuomba kuja ni hiyo moja tu."

Akampa kikapu chake, akamtakia siku njema, akaenda zake kutazama mbuzi. Masikini Hhando, hakujua amewasha moto kwenye nyumba ya watu.

Maana Urban hakumwambia mkewe hivyo. Hebu turudi nyuma kidogo. Wawili hawa walikutana kwenye foleni ya posta ya Bukoba. Urban, kijana mrefu wa suruali ya kaki iliyonyooshwa ikanyooka, alimwachia Verdiana nafasi yake, halafu akamdai fidia: amsindikize hadi kwao. Alimsindikiza siku hiyo, na kesho yake, na mwaka haukuisha wakafunga ndoa kanisani. Walipanga vyumba viwili karibu na ziwa. Jumamosi Verdiana alishinda kwa mama yake wakishona na kupika ndizi, jioni akaenda mazoezi ya kwaya. Urban alikuwa akimtania kwamba hakuolewa naye, ameolewa na mama yake. Walicheka wote. Jambo moja tu lilikosekana. Miaka mitatu ilipita bila mtoto, na mama mkwe wake, Ma Ernestina, alianza kumtazama tumbo kabla ya kumtazama uso.

Kisha Januari ile Urban akarudi kazini na bahasha, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Tunahamishwa, mke wangu. Mbulu. Serikali ikiamua, sisi tutafanyaje?"

Verdiana alilia siku tatu, halafu akafunga mizigo. Meli hadi Mwanza, basi hadi Singida, lori hadi Katesh, lingine tena hadi juu kule kwenye ukungu, safari ya siku sita kichefuchefu kitupu, na njia nzima alikuwa akiilaani serikali. Kumbe serikali masikini ya Mungu haikuwa na kosa.

Jumatatu iliyofuata mnada, Verdiana alianza kazi ya kupiga taipu katika ofisi hiyohiyo ya Hhando. Karani mkuu, mzee Margwe, alipotoka kwenda kunywa chai, Verdiana alifungua kabati la majalada, akalitafuta la mumewe. Barua ilikuwa juu kabisa, kwa mwandiko anaoujua: *Naomba kuhamishiwa Mbulu, mimi na mke wangu, au mahali pengine pa mbali kama hapo. Sababu ni za kifamilia, siwezi kuziandika. Naomba pia mke wangu asijulishwe kwamba nimeomba.*

Aliisoma mara moja tu, ikamtosha. Sababu za kifamilia. Zipi, kama siyo mama yake na zile Jumamosi? Kumbe mzaha ule haukuwa mzaha. Mwanaume alimwonea wivu mama mzazi wa mkewe, akamng'oa kwao, akamleta kwenye tope akatetemeke, kisha akamsingizia serikali. Na yeye alivyomlilia kifuani, Urban akimpa pole kama asiyejua kitu.

Angemwuliza siku hiyohiyo, mambo yangeisha. Lakini Verdiana hakuwa mtu wa kuuliza. Kwao walisema dawa ya moto ni moto, na yeye moto alikuwa nao wa kutosha.

Alianza na vidogo. Alimnunulia dereva mmoja soda ili amletee mkungu wa ndizi kutoka mabondeni kwenye joto, na ulipofika alizipika mchana, kwa karanga, vile Urban anavyozipenda hadi kuziota. Akazila peke yake siku nne mfululizo, akaosha sufuria, akafukia maganda. Jioni alimwandalia ugali. Urban alinusa hewa ya jikoni, akasema kwa unyonge kwamba leo hata harufu ya nyumbani inamsumbua. Verdiana akamwambia ale, ugali unapoa.

Hiyo haikumshibisha. Mwezi wa Mei ikaja orodha.

Ulikuwa mwaka wa kampeni ya afya, redio zote zikiimba vyoo, maji ya kuchemsha na vyandarua, na kila bwana afya alitakiwa aende akae kijijini. Mzee Margwe alimletea Verdiana karatasi ya majina kumi na matatu ayapige. Endagikot kwa huyu, Nambis kwa yule, na Urban abaki hapohapo mjini. Mwisho kabisa ilikuwa Yaeda Chini, bondeni kwenye vumbi na jua, njia ya kung'oa magurudumu, na mbele yake jina la Alfredi Bura, mseja ambaye alikuwa ameshaanza kuaga.

Verdiana aliutazama mstari ule kwa muda. Wewe umenileta Mbulu, alisema moyoni. Nami nitakupeleka Yaeda Chini. Akampa Alfredi mji, na mumewe akampa bonde. Alipiga herufi moja moja, taratibu, kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu aondoke Bukoba. Mkubwa wa ofisi alikuwa na haraka ya safari, akatia saini rundo zima akiwa amesimama.

Jioni ile Urban alirudi amelegea. Alimwambia mkewe akae chini kwanza.

"Wananipeleka Yaeda Chini. Nimejaribu kuuliza, wanasema imeshatiwa saini."

Verdiana alikuwa akisubiri dakika hii. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Serikali ikiamua," alisema, "sisi tutafanyaje?"

Urban alimtazama. Alimweleza tu kwamba kule hakuna nyumba, atalala ghalani, hivyo yeye abaki mjini kwenye kazi yake.

"Haya," Verdiana alisema. Na mwanamke akikujibu haya namna ile, ndugu yangu, usifurahi.

Wiki ya kwanza alilala katikati ya kitanda akajinyoosha. Ya pili alishona pazia. Ya tatu aligundua kwamba kisasi kinamtaka mwenyewe awepo akione, na huyu hayupo. Alikaa mezani na hasira zake, akala nazo, akaenda nazo kanisani, wala hazikumwambia kitu. Lakini kujuta hakujuta. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Julai, siku moja ya ukungu, opareta wa posta aliita ofisini: simu ya Bukoba, ya Ma Verdiana. Alikuwa ni wifi yake Perpetua, dada wa Urban, akipiga kelele kama vile simu haina waya.

"Wifi, habari njema. Yule binti ameolewa. Amechukuliwa na Theodory, yule mwenye duka. Kwa hiyo mama amekubali yaishe. Anasema mrudi, hatawasumbua tena."

"Binti yupi?"

Waya ukakoroma. Perpetua akasema lo, akauliza kama kweli Urban hakuwahi kumwambia.

"Niambie wewe," Verdiana alisema.

Akaambiwa. Kwamba Desemba iliyopita Ma Ernestina alikwenda kwa watu, akaposa msichana bila kumwuliza mwanawe. Kwamba alimweka nyumbani kwake, akamwambia Urban mwanamke asiyezaa hafungwi kwa pete, amrudishe Verdiana kwao kabla ya Pasaka, la sivyo yeye mwenyewe atakwenda kumtoa mbele za watu. Kwamba Urban alikataa, wakazozana hadi majirani wakasikia, na wiki ileile akaandika barua ya kuomba uhamisho.

"Alituapisha wote," Perpetua alisema. "Alisema Veri asije akajua kwamba aliwahi kutafutiwa mbadala. Alisema neno hilo litamwua."

Laini ikakatika. Verdiana alibaki ameshika mkono wa simu. Alikuwa ametuma hasira kwa miezi mitatu, na anwani haikuwa hiyo.

Kesho yake alimwamkia mzee Margwe shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamweleza kila kitu kuhusu ile orodha. Mzee alivua miwani, akaivaa tena. Alisema karatasi iliyotiwa saini haiondolewi saini. Alisema pia kwamba mkubwa akijua itakuwa polisi, basi bora aondoke mwenyewe kabla hajaulizwa. Verdiana aliandika barua ya kuacha kazi, akaipiga taipu bila kosa hata moja, akatia nguo zake zote kwenye sanduku. Ijumaa alipanda Landrova ya ofisi iliyokuwa inapeleka saruji Yaeda Chini. Alivaa lile gauni la njano. Kwenye mteremko vumbi liliingia hadi kwenye meno, na hadi wanafika njano ilikuwa haionekani tena.

Alimkuta Urban ndani ya shimo la choo, kina chake kinampita kichwa, anachimba na wanakijiji. Amekonda, ndevu zimeota ovyo, viganja vina malengelenge. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Akonaay, alipoona mke wa bwana afya amefika, aliwapa wenzake ishara, wakapanda ngazi wakaenda pembeni kuvuta tumbaku. Urban akabaki chini, mdomo wazi, anatabasamu kwa furaha tupu. Hilo tabasamu lilimwumiza Verdiana kuliko chochote.

Kabla Urban hajaweka mguu kwenye ngazi, Verdiana aliivuta juu.

"Leo utanisikiliza kwanza," alisema. "Perpetua amenipigia simu. Nimejua habari ya yule binti. Ameshaolewa, na mama yako anasema turudi."

Tabasamu likaondoka. "Nilitaka usijue kamwe."

"Najua. Uliniamulia. Ukaniamulia nini nijue, nikae wapi, nimwage wapi machozi. Nikaisoma barua yako kwenye jalada, nikadhani umenitenga na mama yangu." Alivuta pumzi. "Aliyekuleta hapa siyo serikali. Ni mimi. Alfredi ndiye alikuwa aje. Nilibadilisha majina kwenye taipu."

Urban aliegemeza sepeto ukutani.

"Ulipokuwa unalipiga jina langu, ulilia?"

"Hapana."

"Ulifurahi?"

"Sana."

"Na zile ndizi? Maana niliisikia harufu."

"Nilizila zote."

Urban alifuta uso kwa mkono wa shati. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini na imekaza. "Nilimkosa mama yangu kwa ajili yako, Veri. Nilimkosa, nikanyamaza. Nawe hukuweza hata kuniuliza swali moja. Nirudishie ngazi."

"Nikikurudishia utafanya nini?"

"Sijui."

Naye Verdiana hakujua. Angeweza kupanda gari lile, afike mjini, apande basi, na baada ya siku sita awe kwa mama yake, binti aliyeonewa, na kila mtu angemwonea huruma. Hicho ndicho alichokuwa akikililia tangu siku ya kwanza. Akaishusha ngazi.

Urban alipanda, akasimama mbele yake na udongo hadi kwenye kope. Hakumgusa.

"Mama anasema turudi," alisema. "Nimechoka kuamua. Wewe unasemaje?"

Miaka mitatu na nusu ya ndoa, na hili ndilo lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo. Verdiana alilitafuta jibu alilolibeba tangu Januari, akakuta halipo.

"Nasema mama yako alituondoa kwa siku moja, na hawezi kutuita kwa siku moja. Tutamwandikia tumesikia, na kwamba tuna kazi. Akimkumbuka mwanawe, njia ni ileile, siku sita. Akifika hapa nitapiga magoti nimwamkie kwa heshima zote, nimpe maji ya kuoga, nimpikie, na sitamwambia neno lolote baya mpaka atafute mwenyewe pa kuyaweka macho yake kwa aibu. Hicho ndicho atakachokipata kwangu."

"Wewe ni mwanamke mbaya," Urban alisema.

"Unanijua."

Dereva alipiga honi, akapaza sauti kwamba saruji imekwisha kushushwa, na yeye halali bondeni. Verdiana alizunguka nyuma ya Landrova, akafungua mlango, akaanza kulivuta sanduku lake.

"Sijasema ukae," Urban alimwambia kutoka pale aliposimama.

"Sijakuuliza."

Sanduku lilikuwa zito, lilikwama kwenye bawaba. Verdiana alilivuta kwa mikono miwili, likasogea kidogo, likakwama tena. Dereva alitazama, mzee Akonaay alitazama, hakuna aliyesogea. Urban alisubiri kwa muda mrefu wa kutosha ili ijulikane kwamba bado amekasirika, kisha akaenda akashika upande wa pili.